Kabla hujalaumu maiki, tuambie ulipiga na nani

Mpiga saksafoni akija kusikiliza alichorekodi, lawama ya kwanza huangukia maiki. "Kanisani napiga vizuri, mbona hapa sauti imepoa?" Sisi wa studio huuliza jambo jingine: siku ile ulipiga na nani, na mlikuwa wapi? Wengi walipiga peke yao, hedifoni masikioni, juu ya biti iliyotengenezwa kwenye kompyuta wiki iliyopita. Biti haina masikio. Ukitua kuvuta pumzi haikungoji, ukipandisha mzuka haipandi nawe.

Hapo huwa tunamwekea Sonny Rollins, mpiga saksafoni wa jazi wa Marekani, wa mwaka 1957.

Machi 7 alikuwa Los Angeles. Kikao kilianza saa tisa usiku kwa sababu wenzake wawili, Ray Brown wa besi na Shelly Manne wa drams, walikuwa wamebanwa na kazi nyingine. Piano hakuna. Kwa kawaida piano ndiyo humtandikia mpiga solo sauti za kuegemea. Ikiondoka, anakuwa huru kuupinda wimbo apendavyo, ila mzigo wote ni wake. Wimbo wa kwanza wa albamu iliyotokana na kikao hicho, iitwayo Way Out West, unaanza na Manne akigonga vipande vya mbao kama kwato za farasi asiye na haraka. Rollins anaingia kwa mwendo uleule. Anasema neno fupi, ananyamaza, anarudi. Sikiliza anaponyamaza: besi ya Brown ni nene na imetulia kiasi kwamba pengo halionekani kama pengo. Ukiwa na mtu wa namna hiyo nyuma yako, huna sababu ya kukimbia.

Novemba 3, miezi minane baadaye, yupo New York, kwenye ukumbi wa Village Vanguard. Mtu ni yuleyule na piano bado hakuna. Lakini usiku huo besi ni ya Wilbur Ware na drams ni za Elvin Jones, ndani ya ukumbi mdogo wa chini ya ardhi, wasikilizaji wakiwa karibu kabisa. Elvin hahesabu tu mapigo, anayamwaga, moja likipanda juu ya jingine. Rollins naye anabadilika: anang'ata vifungu, anavikatakata, anamrudishia Elvin alichotupiwa. Alasiri ya siku hiyohiyo alikuwa amerekodiwa humohumo na wapigaji wengine, Donald Bailey wa besi na Pete La Roca wa drams. Ukilinganisha rekodi ya alasiri na ya usiku, hutauliza tena habari ya maiki.

Ndiyo maana tumeanzisha vikao vya kurekodi pamoja. Tunakutafutia mpiga besi na mpiga drams, mnafanya mazoezi siku moja kabla, kisha mnarekodi ndani ya chumba kimoja mkionana macho. Tuseme ukweli mapema: drams zitaingia kwenye maiki yako, kwa hiyo nota ikikosewa hatuwezi kuikata na kubandika nyingine. Mnaurudia wimbo wote. Na kama unachotaka ni muziki wa tangazo la nusu dakika, biti inatosha, usitumie hela yako huku.

Kijana mmoja alikuja na wimbo aliokwisha kuurekodi kwetu juu ya biti. Safari ya kwanza solo yake ilijaa nota mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Safari hii, katikati ya solo, mpiga drams aliacha fimbo hewani pigo moja. Kijana akamtazama, akaacha naye, wakaingia pamoja. Pale ndipo wote chumbani tuliinua vichwa.

Ukija, chukua nyimbo tatu unazozijua bila karatasi na ridi (vile vibanzi vya mdomoni mwa saksafoni) za akiba. Tuambie pia ni mpiga drams gani wa kanisani au wa bendi yako unayeelewana naye, maana huyo tutampigia simu kwanza kabla ya kutafuta mwingine.