Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayejificha nyuma ya hadithi zake

Mpwa wangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Siku ya pili ya Idi, tulipokuwa tumekaa barazani baada ya swala ya alasiri, ulisema neno ambalo halijanitoka moyoni hadi leo. Ulisema kwamba huko chuoni Nairobi mmefundishwa kuwa mwandishi akishaiweka kalamu chini, basi kwa msomaji amekwisha kufa, na kwamba kuyatafuta maisha yake, dini yake au majonzi yake ndani ya maandishi ni usomaji wa kizamani. Wazee waliokuwapo walinyamaza kwa sababu hawakutaka kukuvunja mbele za watu, nami nikanyamaza kwa sababu jibu langu lilikuwa halijakaa sawa. Usiku ule ukanipa hadithi zako tatu, nikazisoma kila moja mara mbili. Nakuandikia hadharani, bila ya kukutaja jina, kwa kuwa wako vijana wengine wa pwani hii wanaoandika wakiwa na fikra hiyo hiyo, na mimi nawapenda kama ninavyokupenda wewe.

Nianze na huyo Mfaransa wenu, kwa sababu si haki kumjibu mtu bila ya kumsikiliza. Roland Barthes, mhakiki wa fasihi, alipoandika makala yake kuhusu kifo cha mwandishi mwaka 1967, alikuwa akipinga jambo la kweli, nalo ni ile tabia ya wahakiki ya kukifanya kila kitabu kuwa ushahidi wa siri za aliyekiandika, kana kwamba maana ya shairi imefungiwa kabatini mwa mtunzi na msomaji hana ila kuomba ufunguo. Alitaka msomaji apewe nafasi yake, na katika hilo niko pamoja naye. Lakini mwaka 1977 mama yake, ambaye aliishi naye karibu umri wake wote, alifariki dunia, na kitabu cha mwisho alichokitoa kabla ya yeye mwenyewe kufa mwaka 1980 kinahusu upigaji picha, na moyo wa kitabu hicho ni picha moja ya mama yake alipokuwa mtoto wa miaka mitano. Picha yenyewe hakuichapisha, kwa kuwa alijua kwamba kwa wengine ingekuwa picha tu kama nyingine. Sisemi haya ili kumkamata mtu kwa maneno yake ya zamani. Ninachokiona ni kwamba msiba ulipomfikia aliandika kama mwana aliyefiwa, na anayekisoma kitabu kile bila ya kulijua hilo anasoma nusu yake.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu wewe unazungumza kana kwamba jambo hili linaamuliwa kwingine. Watunzi wa tendi wa visiwa hivi vya Amu, yaani Lamu, hawakuyatenga maisha yao na kazi zao hata katika umbo la utungo wenyewe. Mtunzi anaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, mara nyingi anaagiza aletewe wino na karatasi, na anapofika mwisho hujitaja, au huitaja hali yake na tarehe aliyomaliza, na humwomba msomaji amwombee dua. Maisha na imani ya mtunzi ziko ndani ya beti, zimewekwa pale na mkono wake mwenyewe. Ukiziondoa, umeukata utendi kichwa na miguu.

Mtazame Mwana Kupona binti Msham. Alizaliwa kisiwani Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siyu kisiwani humo, aliyesifika kwa kupambana na majeshi ya Sayyid Said, sultani wa Unguja. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, mjane wake alitunga utendi wa beti zaidi ya 100 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, aliyekuwa na umri wa miaka 17 hivi.

Utendi huu niliusomesha kwa miaka mingi, na leo nakiri kwamba niliusomesha vibaya. Nilikuwa nikiandika ubaoni kuwa dhamira yake ni utiifu wa mke kwa mumewe, kisha nikaorodhesha maagizo: asimbishie, amwandalie, amwamshe taratibu, asitoke bila ya idhini. Wasichana waliokaa mbele walinuna, na mmoja wao alisimama akasema waziwazi kwamba bibi huyu aliwafunga wanawake wenzake kwa kamba ya mashairi. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu nilikuwa nimemwondoa mtu aliyesema, nikabakisha amri peke yake.

Halafu bibi yako akaugua. Wewe ulikuwa mdogo, pengine hukumbuki ila harufu ya ubani na viatu vingi mlangoni. Jioni moja alimwita mama yako, akamwambia akae karibu naye, na alete daftari na kalamu. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini. Akamwambia ni nani anamdai na nani wanadaiwa naye, kanga zipi wapewe majirani na zipi zibaki, na ni mwanamke gani wa Langoni aendewe kuombwa radhi kwa neno moja lililosemwa arusini miaka 20 nyuma. Akamwambia asmini ya uani isiachwe ikakauka. Na katikati ya hayo akamwambia namna ya kukaa na baba yako, lini anyamaze na lini aseme, maneno ambayo lau ningeyanakili ubaoni yangemuudhi msichana yeyote mwenye akili. Lakini pale chumbani hayakuwa amri. Mama alikuwa anamtengenezea mwanawe nyumba ya kukaa, kwa maneno, kwa sababu alijua kwamba yeye mwenyewe hatakuwa na siku nyingi za kumlinda.

Usiku ule nilikwenda kuufungua utendi wa Mwana Kupona, nikaona kile nilichokuwa nikikiruka kila mwaka. Mwanzoni kabisa anasema kuwa maradhi yamemshika mwaka mzima na hajapata nafasi ya kumwambia binti yake neno jema, na anamtaka aje mbele akae, na wino na karatasi. Anampa maneno yake kama hirizi ya kujifunga. Msichana huyu hana baba tena, mama anakwenda, na mji wa baba yake una maadui wenye mizinga. Kwa desturi za wakati ule ngome iliyobaki kwake ilikuwa ni nyumba ya mume atakayempata. Na juu ya hayo iko imani: mama anamhesabia binti radhi tano zitakazompa raha ya dunia na akhera, za Mungu, za Mtume, za baba, za mama na za mume. Kwa mtu anayeamini kwamba kaburi ni mlango tu, kumfundisha mtoto kupata radhi ni kumpa chakula cha safari.

Yule mwanafunzi wangu hakukosea. Yale maagizo bado ni mazito, na mwanamke wa leo ana haki ya kuyakataa. Lakini sasa anayakataa akiwa amemsikia mama anayesema, na kukataa huko kuna heshima na kuna uzito. Laiti ningelimpa nafasi hiyo alipokuwa darasani.

Unakumbuka nilipokupeleka Pate? Tulipita mlango-bahari wa Mkanda maji yakiwa yamejaa, tukashukia Mtangawanda, tukaenda kwa miguu. Ulipoona tumbaku imepandwa baina ya kuta za mawe uliniuliza kwa nini watu hawa wanalima ndani ya nyumba. Lilikuwa swali la mshairi, mwanangu, na nimelihifadhi tangu siku hiyo.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyaona magofu ya Pate zaidi ya miaka 200 iliyopita, akatunga utenzi wa Al-Inkishafi. Alikuwa sharifu, wa uzao wa Sheikh Abubakar bin Salim wa Hadhramaut, mtu aliyelelewa katika elimu ya dini na katika heshima ya mji ule ule uliokuwa unabomoka. Anausemesha moyo wake mwenyewe, si watu wa Pate. Anauonyesha nyumba zilizokuwa ziking'aa kwa taa hadi usiku ukawa kama mchana, na sasa makinda ya popo yananing'inia juu, buibui wametanda utando wao, na katika madaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyopangwa sahani za thamani, wamelala makinda ya ndege. Kisha anawaulizia waliokwenda, na miongoni mwao analitaja jina la Ali bin Nasir, ambalo ni jina la baba yake. Msomaji asiyejua hilo atapita hapo kama anavyopita kwenye orodha ya majina ya wakubwa. Anayejua atasimama.

Na hapa ndipo penye hoja yangu kubwa. Katika miaka hiyo hiyo, hapa Amu, alikuwako Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na mshairi. Mambo waliyoyashuhudia yalikuwa mamoja: uhasama wa Amu na Pate, mkono wa Wamazrui, watawala wa Mombasa, vita vya Shela vya mwaka 1812 au karibu yake, ambapo Pate na Mombasa walishindwa. Mashairi ya Zahidi ni ya mtu mwenye mji wa kuulinda. Yanatambia, yanaonya, yanawapiga vijembe mahasimu. Ya Sayyid Abdallah yanatazama ushindi na kushindwa pamoja yakaona mavumbi. Lugha ni moja, bahari ni moja, na vita ni vile vile. Kama maisha na imani ya mwandishi havina kazi katika maandishi yake, niambie kilichowatenga watu hawa wawili ni nini. Tukio halichagui litaonekana vipi. Anayechagua ni mtu, na anachagua kwa macho ambayo malezi yake na itikadi yake vimempa.

Usidhani nasema haya kwa washairi wa kale peke yao. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya karatasi aliyoiandika kuuliza Kenya inakwenda wapi. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitoka mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki, na jipu linalouma katika shairi mojawapo mle ndani lilimuuma yeye kwanza. Na ni mtu huyo huyo aliyetunga utenzi wa maisha ya Adamu na Hawaa. Aliyemjua Mungu wa haki hakuona ajabu kumuuliza mtawala kuhusu haki.

Lakini nakuhadharisha na kosa la upande wa pili, maana naona ndilo unaloliogopa. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe wa mwaka 1944, aliandika riwaya ya Kichwamaji, na humo mhusika wake mkuu, Kazimoto, anapoteza kila anachokiegemea hadi akajiua. Mimi ni Mwislamu, na shaka ya kitabu hicho si yangu, lakini nakipenda kwa sababu shaka yake ni ya kweli, imetoka kwa mtu aliyeyahangaikia maswali hayo na hakuyaokota njiani. Hata hivyo Kezilahabi hakuwa Kazimoto. Aliishi, alisomesha, na alifariki mwaka 2020 akiwa mzee. Msomaji anayemfanya mwandishi na mhusika wake kuwa mtu mmoja anafanya umbeya, na umbeya huo ndio Barthes aliouchoka. Maisha ya mwandishi ni udongo. Mti ukiota si udongo tena, ila hakuna mti ulioota bila huo.

Sasa nizungumzie hadithi zako. Sentensi zako ni safi kuliko zangu. Lakini katika hadithi ya kwanza mji una bahari na hauna jina la upepo hata mmoja, nawe umetoka kwa watu wanaojua kaskazi na kusi kabla ya kujua kusoma. Katika ya pili mzee anakufa, na chumbani hakuna anayemlakinia shahada, hakuna anayemwelekeza kibla, hakuna hata anayekataa kufanya hivyo. Kama mzee huyo hana imani, nionyeshe nafasi iliyobaki alipoiacha. Katika ya tatu mama na binti wanaagana, na sikuweza kujua wanaagana kwa lugha gani. Ulimwambia mama yako kwamba unataka msomaji asijue umetoka wapi, ili akusome kama mwandishi na si kama kijana wa Amu. Naielewa hofu hiyo, kwa kuwa wako wanaotusoma kama watalii wanavyoitazama milango yetu. Lakini kwa kuwakimbia hao umewakimbia na watu wako, na hadithi imebaki na watu wasio na jamaa.

Sikuombi uandike mawaidha, wala sikuombi uamini ninachoamini mimi. Hilo ni baina yako na Mola wako. Naomba usiandike kama mtu asiyezaliwa na mama.

Lile daftari la bibi yako lipo. Mama yako alilitia ndani ya kasha kubwa, chini ya kanga alizoambiwa asizigawe, na nimemwomba ruhusa, naye amekubali ulisome. Kuna kurasa 11, mwandiko ni wa mama yako, na mahali pawili wino umesambaa. Njoo kabla ya kuanza kwa kusi, tulisome pamoja, kisha uirudie hadithi yako ya tatu.

Mjomba wako,
Mkomani, Amu.