Pointi 58 ni nyingi au ni chache?

Mhariri,

Kwa miaka 31 nilifundisha Hisabati na Sayansi katika shule za msingi za umma hapa Kwale, na kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo kazi ya kuwasaidia wanafunzi wa Darasa la Nane kuchagua shule za upili iliniangukia mimi. Disemba iliyopita, wiki yalipotoka matokeo ya kwanza ya KJSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9, jirani yangu alikuja na simu mkononi, akaketi barazani na kuniuliza swali ambalo zamani ningelijibu kabla hajamaliza kulitamka: "Mwalimu, pointi 58 ni nyingi au ni chache?" Nilibaki nikiitazama ile simu.

Wakati wa KCPE, mtihani wa kumaliza Darasa la Nane uliodumu tangu 1985 hadi 2023, mambo yalikuwa magumu lakini yalieleweka. Katika miongo yake miwili ya mwisho alama zilihesabiwa kwa 500, masomo matano ya alama 100 kila moja, na hata bibi asiyejua kusoma alijua kwamba mjukuu aliyefika 400 amebisha hodi kwenye shule ya kitaifa, na kwamba aliyepata 230 angeelekea shule ya kutwa ya jirani. Haikuwa kanuni iliyoandikwa popote, na ilivunjwa mara nyingi, lakini mzazi alikuwa na kipimo cha kulinganisha cha mwanawe na cha mtoto wa shangazi, na akiona mambo hayaendi sawa alijua la kuuliza.

Siwaungi mkono wale wanaotaka mtihani wa KCPE urudi. Nilishuhudia ulivyowageuza walimu kuwa wapiga ngoma ya majaribio ya kila Jumamosi, na nilishiriki ngoma hiyo mwenyewe. Ninachosema ni kwamba tumeondoa kipimo kimoja tukaweka kingine chenye athari ileile juu ya maisha ya mtoto, kisha tukakosa kumweleza mzazi namna kinavyosomwa.

Nimejaribu kukisoma mwenyewe. Kila somo kati ya tisa hupewa pointi kuanzia 1 hadi 8, hivyo kilele ni 72. Anayepata asilimia 90 hadi 100 hupewa pointi 8. Wa 75 hadi 89 hupewa 7. Wa 58 hadi 74 hupewa 6, na kuendelea chini. Sasa chukua watoto watatu. Wa kwanza amepata 75 katika masomo yote tisa, wa pili 89 katika yote, wa tatu 90 katika yote. Wa kwanza na wa pili, ambao wametofautiana kwa alama 126, wote watakuwa na pointi 63. Wa pili na wa tatu wametofautiana kwa alama 9 tu, ila wa tatu atakuwa na 72. Ni mfano wa kupindukia, nakubali, kwani hakuna mtoto anayepata alama moja katika kila somo, lakini ndivyo ngazi zote za namna hii zilivyo: zinafinya tofauti kubwa na kukuza tofauti ndogo, kutegemea mtoto ameangukia upande gani wa mstari. Kwa kuripoti maendeleo ya mwanafunzi darasani, sina ugomvi nazo. Kwa kuamua nani aingie shule kongwe za kitaifa kama Alliance au Mang'u na nani abaki nje, zinahitaji maelezo.

Juu ya hayo, KJSEA yenyewe ni asilimia 60 tu ya matokeo ya mwisho. Asilimia 20 inatoka katika tathmini ya Gredi ya 6, ambayo mtoto aliifanya akiwa na miaka kama 12, na asilimia 20 nyingine inatoka katika tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Wazo la kutomhukumu mtoto kwa wiki moja ya mtihani ni wazo ambalo sisi walimu tulilidai kwa miaka mingi, na nisingependa lipotee. Hata hivyo, watoto hawa ndio waliofungua sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) mwanzoni mwa 2023 ndani ya shule za msingi ambazo hazikujengwa na maabara. Katika shule niliyostaafia, somo la Sayansi Jumuishi lilifanywa kwa chupa ya maji iliyokatwa shingo ikawa bika, mshumaa ukawa taa ya kuchemshia, na mwalimu mmoja aliyesomea Kemia akafundisha pia Kilimo na Hisabati. Tathmini ya shuleni iliyofanyika kwa chupa hiyo na ile iliyofanyika katika akademia yenye maabara zinahesabiwa kwa uzito uleule. Mtoto aliyepata pointi 6 kwa chupa na mshumaa, nani anaweza kuniambia kwa hakika kwamba ni dhaifu kuliko aliyepata 7 kwa vifaa kamili?

Kwa sababu hiyo mimi niko upande wa wanaotaka nafasi za shule kubwa zigawanywe kwa maeneo, na sioni haya kulisema ingawa najua linawaudhi wazazi wengi wa mijini. Si jambo geni nchini. Kwa miaka mingi nafasi za shule za kitaifa zilipimwa kwa mgao wa kila wilaya, ndiyo maana alama ya kuingilia shule ileile haikuwa sawa kwa mtoto wa Nairobi na wa Tana River. Mapema mwaka 2011 Wizara ya Elimu ilikwenda mbali zaidi ikagawanya nafasi hizo baina ya shule za umma na za binafsi kwa kufuata idadi ya watahiniwa wa kila upande, na wenye shule za binafsi wakapinga vikali, wakisema watoto wenye alama zaidi ya 400 wanaadhibiwa kwa kosa la wazazi wao kulipa karo. Malalamiko hayo yalikuwa na uzito, lakini yalidhani kwamba alama 410 za mtoto mmoja na 390 za mwingine zinasema jambo la hakika kuhusu nani atafaidika zaidi na kiti hicho.

Yapo matokeo ya utafiti wa hapa kwetu kuhusu hilo. Wachumi wawili, Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wao kuhusu shule za kitaifa za Kenya, ambapo waliwalinganisha wanafunzi waliovuka kizingiti cha kuingia kwa alama chache na wale waliokikosa kwa alama chache. Walipotazama matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya makundi hayo mawili, hawakuona faida kubwa kwa waliovuka. Wazazi hawatafurahi kusikia hivyo, nami simshauri mtu adharau shule yenye maktaba, maabara, walimu kamili na wanafunzi waliotoka kila pembe ya nchi. Mambo hayo yana thamani ambayo KCSE haiipimi. Ila matokeo hayo yanaonyesha kwamba karibu na mstari, tofauti ya alama chache ni jambo dogo kuliko tunavyolikuza, na kwamba serikali inapotumia mgao wa maeneo karibu na mstari huo haimwagi vipaji vya taifa.

Hata hivyo, mgao wa haki ambao hauonekani haumridhishi mtu, na hapa ndipo nilipokwama na jirani yangu. Binti yake alipangiwa shule ya kutwa, kilomita nyingi kutoka nyumbani, katika mkondo wa masomo ya Sayansi ya Jamii, ilhali alikuwa ameomba mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) na shule zake za kwanza zote zilikuwa za bweni. Mama alikwenda kuuliza katika ofisi moja, akaambiwa ni mfumo wa kompyuta. Alirudi wiki iliyofuata, akaambiwa vilevile, na safari hii aliyemjibu hakuinua macho. Ujumbe aliopokea kwa simu ulitaja jina la shule na mkondo basi. Haukusema mtoto wa mwisho kuingia katika shule aliyoiomba alikuwa na pointi ngapi, wala nafasi ngapi zilitengewa kaunti ndogo yetu, wala kama binti huyo alikosa kwa pointi moja au kwa kumi. Huenda alipangwa kwa haki kabisa. Mama hana njia ya kujua, na asiyejua sababu huamini ile inayosemwa sokoni, yaani kwamba kuna waliolipa.

Tangu 2018 sera ya nchi ni kwamba kila mtoto anayemaliza msingi aendelee na sekondari, na ni sera njema. Lakini ilihamisha ushindani wote kutoka swali la nani ataendelea hadi swali la nani atakwenda wapi, na wapi hapo pana tofauti kubwa mno. Shule za kitaifa, zilizokuwa 18 kwa miaka mingi, ziliongezwa zikapita 100, na siku hizi zimo katika kundi la C1, la juu kabisa kati ya makundi ya sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi 12). Sote tunajua kwamba herufi na tarakimu hiyo mlangoni haikuzifanya zote zilingane na zile kongwe. Mzazi anazijua shule kwa majina, na anaomba kwa majina.

Ombi langu kwa Wizara ya Elimu, kupitia gazeti lako, ni dogo na halihitaji sheria mpya. Kwa kila shule ya C1 na ya C2, kundi linaloifuata, na kwa kila mkondo, itangazwe pointi ya mwanafunzi wa mwisho kuingia kupitia mgao wa jumla na ya yule wa mwisho kuingia kupitia mgao wa eneo, pamoja na idadi ya nafasi zilizojazwa baadaye kwa maombi ya kuhamishwa. Majina ya watoto yasitajwe. Takwimu hizo zimo tayari ndani ya ile kompyuta inayolaumiwa, na kwa shule moja hazizidi mistari sita. Zibandikwe hata kwenye mlango wa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, kwa sababu si kila mzazi wa huku kwetu ana simu ya kufungulia tovuti.

Na zitoke mapema. Mwaka jana watoto walichagua shule katikati ya mwaka, miezi kadhaa kabla ya kufanya mtihani, wakikisia tu. Wenzao walio Gredi ya 9 sasa watafanya uchaguzi huo muhula wa pili, na mdogo wake yule binti ni mmoja wao. Mama yao ameshaniambia atakuja tena barazani siku ya kuchagua.

Mwalimu mstaafu,
Kaunti ya Kwale.