Barua ya wazi kwa Msajili Msaidizi wa NGO Mkoa wa Mwanza: huyo "mfanyabiashara" kwenye bodi anafanya biashara gani?

Kwako Ndugu Msajili Msaidizi wa mashirika yasiyo ya kiserikali, Mkoa wa Mwanza,

Shikamoo kwanza. Sijui kama umenizidi umri ila ofisi yako imenizidi, kwaiyo naanza na heshima. Nimeamua kuandika hadharani badala ya kuja na bahasha sababu kuna wenzangu kibao hapa mjini, kuanzia Igoma mpaka Buhongwa mpaka kule Ilemela, wanaendesha vikundi vya vijana vya redio na video, na naona wengi tunaumwa ugonjwa mmoja. Siilalamikii ofisi yako, mi pale kwenye kaunta sijawahi kufukuzwa. Nimekuja kwa ajili ya neno moja tu nalo ni "mfanyabiashara".

Ilikuwa hivi. Shirika letu (jina naliacha, wenyewe wakisoma watajijua) lilikuwa linafundisha vijana wa miaka 15 mpaka 24 kutengeneza vipindi vya redio na klipu za mtandaoni. Tulikuwa na maikrofoni mbili, kamera ya kuazima, na kompyuta ambayo ukiigusa waya tu imezima na kazi ya siku nzima imeenda. Mwaka 2016 tukaamua tusajiliwe rasmi chini ya ile Sheria ya NGO ya 2002, na mimi kwa vile nachapa haraka nikapewa makabrasha: katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi, picha za pasipoti, na wasifu wa kila kiongozi. Nilikaa steshenari moja Mabatini siku mbili nachapa wasifu wa wajumbe tisa wa bodi.

Sasa hizo wasifu zenyewe. Mtu anakupa ukurasa mzima, kazaliwa wapi, shule ya msingi, kipaimara, "napenda kusoma vitabu na kusafiri", lakini ukifika kwenye kazi unakuta neno moja. Wanne waliandika mfanyabiashara, wawili mjasiriamali, mmoja mtumishi wa umma, mmoja mstaafu. Mstaafu wa nini? Alistaafu akiwa dereva au akiwa mhasibu? Wa tisa peke yake ndo aliandika mwalimu wa sekondari, Kiswahili na Historia, nikaona huyu ana adabu. Nikachapa karibu zote vilevile walivyonipa nikapeleka, na kiukweli hata mimi sikuona tatizo, mjini hapa kila mtu ni mfanyabiashara.

Tatizo lilianza kuonekana 2018. Unakumbuka zile kanuni za maudhui ya mtandaoni, za kutaka leseni, zilivyotoka, na mwezi Juni TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, wakasema ambao hawajasajiliwa wasitishe kupandisha vitu, watu wakafunga blogu zao usiku usiku. Sisi tulikuwa na chaneli yenye klipu za vijana zaidi ya sitini. Tukaitisha kikao cha bodi cha dharura tukitegemea wakubwa watuambie, leseni inatuhusu au haituhusu, ada inatoka wapi, tuzime au tuendelee. Ndugu Msajili, kile kikao kilianza saa nne asubuhi kikaisha saa nane mchana na zaidi ya nusu ya muda tulijadili rangi ya tisheti. Sitanii. Mjumbe mmoja kasimama na sampuli tatu, bluu ya ziwa, kijani na nyeupe, na bodi ikapitisha tisheti mia mbili. Suala la leseni likaahirishwa "mpaka tupate mtaalamu". Bodi yenyewe ndo inatafuta mtaalamu!

Miezi kama mitatu baadae ndo nikaja kujua yule mjumbe wa tisheti ana mashine za kuchapa tisheti. Ndo biashara yake. Kwenye wasifu niliochapa kwa mikono yangu ameandika mfanyabiashara, na hakudanganya hata herufi moja.

Kwaiyo unaona hilo neno linavyofanya kazi mbili kwa mpigo, linaficha kile mtu asichokijua na linaficha pia kile anachokiuza.

La pili liliniuma zaidi na mpaka leo nikipita soko la samaki la Mwaloni Kirumba nalikumbuka. Vijana walienda pale kurekodi stori ya dagaa, wakampiga picha mtoto mmoja anabeba gunia, uso wote unaonekana, jina kataja, na mtaa anaoishi kataja. Klipu ilikuwa nzuri kweli, ilisambaa wasap mpaka ikamfikia mjomba wake. Kilichotokea nyumbani kwa yule mtoto sitakiandika hapa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema wazi aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hatukuwa hata na fomu ya ridhaa ya mzazi. Kwenye bodi ya watu tisa hapakuwa na mwanasheria, hapakuwa na mtu wa ustawi wa jamii, hapakuwa na mhariri ambaye angesema jamani huo uso ufunikeni. Walikuwepo watu wazuri, wanaoheshimika, wengine wanakaa viti vya mbele kanisani na msikitini, ila ile kazi iliyohitajika siku ile hakuna aliyewahi kuifanya maishani mwake.

Basi tukasema hapana, shirika la habari linataka watu wa habari. Bodi ikavunjwa, tukaweka wanahabari watupu, wengi wao wamepitia chuo kikuu cha SAUT kule Malimbe, sauti zao unazijua ukiwasha redio asubuhi. Hapo vipindi vikanoga, sikatai. Vijana walijifunza kuandika utangulizi, kukata sauti, kutafuta upande wa pili wa stori. Ila ripoti ya mwaka ikachelewa, na hesabu za kukaguliwa ndo kabisa, kila mjumbe alidhani mwenzake anashughulikia, maana mwanahabari na vocha za malipo wapi na wapi. Halafu mmoja wao akachukua stori ya binti wa miaka 19 aliyeifanya kwa wiki tatu kuhusu maji ya Nyegezi, akairusha kwenye kituo chake kwa jina lake mwenyewe. Binti aliisikia kwenye daladala. Hakurudi tena darasani.

Sa ndo nikuambie kuhusu mama mmoja, maana bila yeye hii barua isingekuwepo.

Huyu alikuwa kwenye bodi ya kwanza, tulimwingiza ili "wanawake wawepo", nasema ukweli ndivyo tulivyoongea. Kwenye kikao anakaa karibu na mlango, daftari la kaunta mapajani, haongei mpaka pesa itajwe. Pesa ikitajwa anainua kichwa: risiti iko wapi? Siku ya tisheti yeye peke yake aliuliza kwa nini tunanunua kwa bei ya rejareja wakati tunachukua mia mbili. Wakamcheka kidogo. Huyo huyo ndo alituokoa kwenye kipindi cha wavuvi: tulikuwa tumepanga kwenda Ukerewe kurekodi wavuvi wa dagaa tarehe fulani, tumeshatenga nauli ya boti na posho, akasema mkienda siku hizo mtakuta wake zao tu, giza hilo, watu wote wako majini na taa zao. Nendeni mbalamwezi. Dagaa anafuata taa kwenye giza, mwezi ukiwaka mtego haufanyi kitu, wavuvi wanakaa nchi kavu wanashona nyavu na hapo wataongea mpaka mchoke wenyewe. Tukasogeza safari, na kile kipindi ndo bora kuliko vyote tulivyowahi kutengeneza.

Kazi yake ni kuuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, miaka na miaka, na ndiye mtunza hazina wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, cha wanawake wenzake. Anajua mzigo, anajua mkopo, anajua mtu akianza kukwepa macho kwenye hesabu maana yake nini. Na unajua kwenye wasifu wake ameandikwaje? Mjasiriamali. Na aliyemwandikia hivyo ni mimi. Yeye aliniambia "andika nauza dagaa mwanangu", nikamwambia mama, hizi karatasi zinaenda serikalini, tuweke neno la heshima kidogo. Nilimvua kazi yake nikamvalisha neno tupu, halafu bodi ilipovunjwa tukamwondoa kwa kusema hana taaluma.

Haya, ombi langu.

Sikuombi sheria mpya, zilizopo zinatutosha. Wala sikuombi uweke sharti la digrii, hapana, ukifanya hivyo utawatoa akina mama kama huyo na kutuachia wale wa tisheti. Najua pia mabadiliko ya viongozi yanatakiwa kuletwa kwenu. Lakini tangu marekebisho ya 2019 cheti kinakaa miaka 10, na ndani ya miaka 10 bodi inaweza kugeuka mara tatu huku picha ya bodi wanayobaki nayo watu wa nje ni ya wale wa mwanzo. Naomba ukikutana na mashirika yetu kwenye vikao vyenu vya mwaka, utuambie kila bodi iandike karatasi moja kwa kila mjumbe, kwa maneno ya kawaida. Mtu amefanya kazi gani miaka mitano iliyopita na aliifanyia wapi. Kuna kitu chochote anakiuzia shirika au ana ndugu anayelipwa pale? Na kwenye bodi yeye atashika nini, hesabu, sheria, usalama wa watoto, uhariri, mitambo, au kutafuta pesa. Ibandikwe ukutani ofisini, nakala iambatane na ripoti ya mwaka. Namba ya simu na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, zisiwekwe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na hatuna sababu ya kuanika mtu anapoishi.

Kuna rafiki yangu aliwahi kuniambia mbona Wamarekani wameshalimaliza hili, mashirika yao yanajaza fomu 990, taarifa ya kila mwaka kwa watu wa kodi, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Nikaenda kuiangalia. Kweli majina ya wajumbe yapo, vyeo vipo, masaa kwa wiki yapo na malipo yapo, ni kitu kizuri na sisi tungekipenda. Ila sehemu hiyo ya wajumbe haikuambii huyu mtu ni mwanasheria au anauza tisheti, inabidi ukatafute mwenyewe kwenye tovuti ya shirika, wenyewe wakipenda kuandika. Kwaiyo hapa tunaweza kuwatangulia hata kwa karatasi ya A4.

Najua utaulizwa mbona mashirika ya vijana wa habari tu, ya afya je, ya mazingira je. Yote tu. Ila sisi tuna hatari yetu ya peke yake, kijana wa miaka 17 akibonyeza kitufe cha kurusha basi imerushwa, hairudi. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka mwandishi awe na vigezo, sasa hivi tuna mpaka Bodi ya Ithibati ya kuwatambua waandishi, na vijana wetu wako katikati hapo, si waandishi na si watazamaji. Wanahitaji mtu kwenye bodi aliyewahi kupokea simu ya mtu mwenye hasira saa tano usiku kwa sababu ya habari. Na wanahitaji kiti kimoja chao wenyewe, kijana aliyemaliza mafunzo, mwenye kura, si yule wa kuitwa kugawa maji ya chupa kwenye kikao.

Wapo watakaokuambia karatasi haimzuii mwizi. Sawa, ila yule bwana angeandika "nachapa tisheti" mwaka 2016, siku ya sampuli tatu hata mimi mchapaji ningenyoosha mkono.

Sasa hivi tumeanza kikundi kipya, vijana kumi na mmoja, chumba kimoja Igoma, hatujasajiliwa bado na nikija kwenu nitakuja na wajumbe watano tu. Mwanasheria tumempata, kijana yupo, fundi mitambo wa redio yupo, mhasibu bado namtongoza maana anasema vijana wa habari hawatunzi risiti. Na mama nilimfuata Mwaloni wiki iliyopita, nikamwomba radhi katikati ya magunia, akanicheka, akaniuzia dagaa kilo mbili bila kunipunguzia hata shilingi mia. Karatasi yake nimeshaichapa, safari hii kama alivyosema mwenyewe:

Kazi: nauza dagaa kwa jumla, Mwaloni Kirumba. Ni mtunza hazina wa kikoba. Shirika siliuzii kitu. Kwenye bodi nitauliza risiti.

Ni mimi,
mchapaji wa makabrasha, Igoma, Mwanza