Risiti za Majengo msizitupe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme la Majengo, mtaa wetu hapa Mombasa. Nitajitahidi isiwe barua ya kulia.

Juma lililopita tingatinga liliangusha nyumba ya nne kutoka kwetu. Kazi ya saa mbili, na humo uhesabu na muda dereva alioshuka kunywa chai. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma na choo chake na jiko lake, baraza mbele. Makuti yalikwisha zamani, paa likawa la mabati, lakini chini ya plasta ukuta ulikuwa ule ule wa boriti, fito na udongo. Boriti zilitoka nzima, nyeusi, ngumu, hata vijana wa mkokoteni wakagombana nani azibebe. Watu walitoa simu kupiga picha. Walilipiga picha tingatinga.

Nimefundisha shule ya msingi mjini humu hadi nikastaafu. Kila mwaka tulipowatoa watoto kwenda kuona historia, tuliwapeleka pale pale: Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, halafu vichochoro vya Mji wa Kale na milango ya nakshi, kisha soda, kisha nyumbani. Sina ugomvi na Ngome. Iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011 na inastahili. Lakini wengi wa watoto wale niliowapanga wawili wawili walikuwa wa Majengo, na walirudi kwao wakiamini kwamba historia iko ng'ambo ile ya Barabara ya Digo, na upande huu kuna nyumba za kupanga tu. Mimi ndiye niliyewaaminisha hivyo.

Basi nijaribu kurekebisha, ingawa nimechelewa.

Sisi wa Pwani tuna neno letu, nyumba bila shamba. Mgeni akilisikia hudhani ni fumbo. Maana yake ni kwamba nyumba ni yako na ardhi si yako. Unaweza kuiuza nyumba, ukairithisha, ukaiweka rahani, lakini kiwanja kina mwenyewe, na kila mwezi unamlipa. Sheria ya Kiislamu haioni tabu ardhi kuwa ya Ali na jengo kuwa la Asha. Tabu ilianza pale serikali ya Mwingereza ilipopitisha sheria ya hati za ardhi mwaka 1908, ikamtaka kila anayedai ardhi katika ukanda huu wa Sultani wa Zanzibar aje athibitishe apewe hati. Waliojua mambo ya makaratasi walikwenda. Wengine hawakwenda, au walikwenda wakashindwa kuthibitisha, na isiyothibitishwa ikawa ya serikali. Mji ulipotanuka kwa sababu ya reli na bandari ya Kilindini, na watu wakazidi kumiminika, wenye mashamba kisiwani wakayakata viwanja kwa safu, wakakodisha ardhi, na kila mmoja akajijengea. Safu zile zilizonyooka ukilinganisha na vichochoro vya Mji wa Kale ndizo Majengo.

Nyanya yangu alikuwa mmoja wao. Mtaani kwetu wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, wajane na walioachwa, waliouza vitumbua na mahamri hadi wakapata bei ya boriti. Nyanya alilipa kodi ya kiwanja shilingi 12 kwa mwezi kwa miaka mingi, na kila risiti aliitia katika mkebe wa biskuti uvunguni mwa kitanda. Hakujua kusoma hati za Kizungu, lakini kila risiti aliijua. Ile yenye alama ya kahawa ni ya mwezi aliozaliwa mjomba. Ile iliyotoboka pembeni ni ya mwezi ambao mwenye kiwanja alikataa asijenge kwa mawe, kwa kuwa nyumba ya mawe ni ngumu kuiondoa. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mbona anazitunza kama dhahabu. Akanambia, "Mwanangu, nyumba naweza kuivunja nikaitia mkokotenini. Hizi ndizo zisemazo nalikuwa hapa."

Vyumba vinne katika sita alivipangisha, na waliolala humo ndio waliokuwa wakipakua meli. Mkamba chumba hiki, Mjaluo kile, Mtaita, na mzee mmoja kutoka Nyasa aliyekufa hapo hapo akazikwa na majirani. Wengi walikuwa vibarua, leo kazi ipo, kesho haipo. Watoto wasomao vitabu vya shule hukuta mstari mmoja juu ya mgomo wa Mombasa wa Januari 1947. Mstari mmoja! Wafanyakazi kama 15,000 waliweka chini vitu vyao, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini, hata wapishi wa majumbani mwa Wazungu, na humo kikazaliwa chama cha African Workers Federation chini ya Chege Kibachia. Mwaka ule ule serikali ikamkamata ikampeleka kizuizini Baringo. Mojawapo ya malalamiko yao makubwa lilikuwa makazi, yaani vyumba kama vya nyanya yangu, watu wanne katika chumba cha mtu mmoja na kodi inapanda. Nyanya alikuwa akisimulia siku zile bila kujisifu. Alisema aliwadai kodi ya mwezi ule hadi Machi, na kwamba mmoja hakulipa kabisa.

Na siwezi kupita bila kutaja lelemama, ngoma ya wanawake, ingawa mume wangu ameniambia haihusiani. Yahusiana. Wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vyao vya ngoma, na viwili vilivyotajwa zaidi ni Ibinaal Watan na Banu Saada. Walishindana kwa nguo, kwa karamu, kwa mafumbo ya nyimbo yaliyochoma kuliko pilipili. Nyanya zangu wawili, mmoja alikuwa upande huu na mwenziwe upande ule, na hadi nakua hawakunywa chai pamoja. Nani alichangia mchele, nani alikopa dhahabu ya kuvaa, nani alitungiwa wimbo akahama mtaa kwa aibu, hayo yalipangwa ukumbini na kwenye ua wa nyumba hizi tunazozibomoa. Hayamo katika jumba lolote la makumbusho nililoingia mimi.

Sasa nyumba yetu. Warithi wa mwenye kiwanja waliuza ardhi, na mnunuzi, ambaye simtaji, alituletea barua ya miezi mitatu. Mama alikwenda na mkebe mzima wa risiti kwa wakili. Wakili alizisoma moja moja kwa adabu, akamwambia zinathibitisha kwamba alilipa kodi, basi. Tulipata fidia ya kununulia mabati mapya kama tungekuwa na pa kuyaezeka. Leo mahali pale pana ghorofa sita, duka la simu chini, milango ya chuma, na kwa kuwa Mungu ana mzaha wake, mwanangu amepanga orofa ya tatu na mimi naishi naye. Kutoka dirishani naona pale kisima kilipokuwa. Ni maegesho ya tuktuk.

Kwa hiyo sisemi maghorofa yasijengwe. Watu wanahitaji pa kulala, na nyumba ya udongo mvua ya masika ikiingia ni mateso, asikudanganye mtu. Hata maji ya mitungi twanunua vile vile tulivyonunua zamani, tofauti ni kwamba mwenye mkokoteni sasa anadai zaidi kwa sababu ya ngazi. Ninachokitafuta ni kitu kidogo. Mji wa Kale una sheria ya kuulinda na wataalamu wa kuupima. Majengo haina hata mtu wa kuja na utepe na kamera siku moja kabla ya tingatinga. Kupima vyumba sita na ukumbi ni kazi ya asubuhi moja. Wanafunzi wa usanifu wapo. Walimu wa historia wapo, tena watoto wao wanakaa humu humu, hawahitaji basi la kukodi.

Na majina nayo yaandikwe wakati wanaoyajua wako hai. Mwembe Tayari wote twautaja, wazee wetu wakitwambia ndipo wapagazi wa misafara walipokusanyika chini ya mwembe wakiwa tayari kwa safari. Lakini vichochoro vidogo vya Majengo vilivyoitwa kwa jina la mwenye nyumba wa pembeni, makanga wa matatu anaviita kwa jina la duka la dawa, na mwaka ujao duka likihama navyo vitahama jina.

Mwisho, nina ombi kwa wasomaji wako kuliko kwa serikali. Mkimzika bibi, msitupe mkebe wake. Sisi wetu tunao, risiti mia na kitu, zimefungwa kwa uzi kwa miaka. Mwalimu au mwanafunzi atakaye kuzinakili, gazeti lako linayo anwani yangu. Aje alasiri. Asubuhi huwa niko Marikiti, na mkebe hautoki bila mimi.

Mwalimu mstaafu,
Majengo, Mombasa