Mama, hizi ndizo hesabu za nyumba yetu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, na Baba Salma anakuamkia. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, maana hesabu kwenye simu zinachanganya. Najua Kaka Rashidi ndiye atakayekusomea, na yeye ndiye aliyeuliza.

Kaka, uliniuliza hivi: si serikali ya Uingereza inawalipa wasio na kazi, sasa zile pauni 100 za Mama mbona hazifiki? Ni kweli inalipa. Nisikilize inavyolipa.

Ghala alilokuwa akifanya kazi shemeji yako lilipunguza watu mwezi wa saba. Kwa miezi 6 alipata posho itokanayo na michango yake mwenyewe, pauni 92.05 kwa wiki. Hiyo hawakuuliza mkewe anapata nini, wala nyumba ni ya bei gani. Ndiyo maana mpaka Januari nilikuwa natuma. Ilipokwisha tukaingia kwenye Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na hiyo haimtazami mtu, inautazama mfuko wa nyumba nzima. Mke na mume wanaoishi pamoja wanaandika ombi moja, na cha mmoja kinahesabiwa cha wote.

Kwa viwango vya mwaka wa fedha 2025/26, mtu mmoja aliyetimiza miaka 25 anawekewa pauni 400.14 kwa mwezi. Wawili hawapewi mara mbili, wanawekewa 628.10. Hilo sina ugomvi nalo, jiko ni moja na taa ni moja. Juu yake linaongezwa fungu la kodi ya nyumba, na hapo ndipo panapouma.

Sisi tunalipa pauni 750 kwa vyumba viwili. Kwa nyumba ya kupanga ya mtu binafsi kama yetu, kila eneo lina kiwango chake, nacho kilipimwa kwa kodi za chini, yaani katika kila nyumba 10 unazotazama ni kama 3 tu zinazoingia humo. Tangu Aprili 2024 hakijapandishwa, na mwenye nyumba wetu ameshapandisha mara mbili. Tena mke na mume wasiokaa na mtoto wanahesabiwa chumba kimoja. Salma alipoolewa akahama, chumba chake kwenye hesabu kikafutika, lakini kwenye kodi kipo. Kwa chumba kimoja tunapewa 475. Zile 275 zilizopungua zinatoka palepale kwenye 628, ambazo ndizo za kula.

Halafu uje mshahara wangu wa usafi, pauni 900. Katika kila pauni ninayoleta wanakata peni 55. Wenye watoto au maradhi yanayowazuia kufanya kazi wanaachiwa kwanza kiasi kisichoguswa, sisi hatumo. Kwa hiyo zinaondoka 495.

Na kiwanja cha Pongwe, Kaka. Ulisema nisikiandike, kiko mbali, nani atakwenda Tanga kukitafuta. Fomu inauliza mali popote ilipo, nami nimekiandika. Ukikijumlisha na akiba yetu ndogo ya benki inafika pauni 7,200. Mkivuka 6,000 wanaanza kukata 4.35 kwa kila 250 inayozidi au sehemu yake, na mkivuka 16,000 hampati kitu. Kwetu sisi zimekatwa 21.75.

Baada ya makato yote tunapata 586.35. Weka na 900 zangu, toa kodi 750, zinabaki 736 na vichele. Humo imo kodi ya halmashauri, gesi, maji, basi la alfajiri, chakula, na mita ya umeme tunayoilisha kwa kadi kama luku ya huko. Jumamosi mita ilisoma pauni 1.40. Nikamkuta Baba Salma amezima jokofu, pakiti ya maziwa ameiweka nje ya dirisha kwenye baridi, ameifunga kwa kamba isianguke. Hakusema neno. Mwanamume aliyefanya kazi miaka 19 bila kukosa siku, Mama, nami nikarudi chumbani ili asinione.

Ulishauri tena, Kaka, kila mmoja aombe kivyake, yeye ajiandike mpangaji tu. Nimepiga hesabu hiyo, sikufichi. 400.14 mara mbili ni 800.28, tungepata 172 zaidi, ni zaidi ya laki tano za huko, na mshahara wangu usingemgusa yeye. Lakini huo ni uongo wa kuweka sahihi, wakigundua tutazirudisha na mahakama juu. Na hata wasipogundua, siwezi kumwandika mume wangu kuwa ni mtu baki. Nimeolewa naye mbele yako Mama, kwenye ukumbi wako.

Tunachojaribu ni kupangisha chumba cha Salma. Fedha ya mpangaji wa chumba serikali haiihesabu kuwa kipato, ila lazima mwenye nyumba akubali, nasi tunangoja jibu lake. Halmashauri nayo imetupa nyongeza ya pauni 100 kwa miezi 3. Nyumba ya chumba kimoja tunaitafuta, lakini kila tunapopiga simu, wakisikia posho, wanasema imeshachukuliwa.

Nakuomba usikiuze kiwanja kwa ajili yetu. Kaka, nitafutie kwenye ofisi ya serikali ya mtaa barua inayoonyesha thamani yake ya leo, siyo ile ya kununulia, wameiomba. Ipige picha unitumie kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama, mwezi huu nakutumia 30. Anza na dawa ya presha. Msalimie Shangazi na wote hapo nyumbani.

Mwanao akupendaye,
Mama Salma