Krismasi hii mpeni mjomba mzinga wa nyuki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme kidogo kuhusu zawadi za sikukuu.

Kila Desemba inapokaribia, barazani kwa maduka ya Tabora Mjini hujaa miti ya Krismasi ya plastiki, taa za kuwakawaka, wanasesere wa betri na karatasi za zawadi zinazometa. Sina ugomvi na wenye maduka, wao wanauza tunachonunua. Ugomvi wangu uko kwetu wanunuzi, hasa sisi wa maofisini, ambao mwaka mzima tunahubiri mazingira kwenye semina halafu sikukuu ikifika tunamfungia mtu kikombe kimoja ndani ya tabaka tatu za nailoni.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019. Mapambo na karatasi za zawadi hayakuguswa. Karatasi ile inayometa ina plastiki juu yake, kwa hiyo haiozi na hakuna anayeinunua kama chakavu. Siku ya pili ya sikukuu tunaifagia na kuichoma nyuma ya nyumba, moshi wanavuta watoto. Isiyochomwa huenda na mvua mtaroni, na Desemba kwetu ni mwezi wa mvua. Hata mifuko mbadala tunayoiita ya kitambaa ni nyuzi za plastiki. Nafuu yake ni kwamba hutumika mara nyingi, kama kweli mtu anaitumia mara nyingi.

Kilichonifanya nishike kalamu lakini ni makapu ya zawadi ambayo maofisi hupeana mwisho wa mwaka. Mwaka jana niliona moja, hapa hapa mjini, lina chupa ya asali iliyotoka nje ya nchi. Tabora! Mkoa wenye Chuo cha Ufugaji Nyuki, mkoa ambao abiria wa treni ya reli ya kati akipita huagizwa asali na nusu ya ukoo wake.

Hata hivyo nisieleweke kwamba asali yoyote ya kwetu ni rafiki wa misitu. Inategemea imetoka kwenye mzinga gani. Mzinga wa magome hutengenezwa kwa kulibandua gome la mti ulio hai, kuuzunguka mti mzima. Mti uliovuliwa gome namna hiyo hauponi: chakula kutoka kwenye majani hakishuki tena mizizini, nao unakauka ukiwa umesimama. Na miti inayovuliwa ni mitundu na miuba, ile ile ambayo maua yake ndiyo malisho ya nyuki. Yaani mrina asali anaua malisho ili apate nyumba ya kufugia. Mzinga wa kisasa wa mbao nao unatoka mtini, sikatai, lakini mti mmoja hutoa mizinga kadhaa, na mzinga ukitunzwa hudumu miaka mingi. Zaidi ya hapo, mrinaji hukagua masega moja moja, akachukua yaliyoiva na kuacha yenye majana, yaani watoto wa nyuki.

Mtu ataniambia mabani ya kukaushia tumbaku kwa kuni yanakula miti mingi kuliko mizinga ya magome. Ni kweli, lakini tumbaku hatupeani Krismasi.

Wala simlaumu mzee wa Sikonge anayebandua gome. Gome ni bure, mbao zinataka fedha, naye asali yake inauzwa bei moja na ya jirani mwenye mizinga ya kisasa kwa sababu sisi wanunuzi hatuulizi. Hapo ndipo zawadi ingefanya kazi. Wengi wetu tuna mjomba au baba mdogo kijijini, Sikonge, Uyui au Kaliua, na kila Krismasi tunampelekea shati na biskuti za bati. Mpelekeeni mzinga wa mbao. Mafundi seremala wa mjini wanautengeneza, na bei yake haiachani sana na ule mti mkubwa wa plastiki wenye taa. Ndugu wakichanga watatu, hakuna atakayeumia.

Kuna na nta. Mishumaa ya dukani karibu yote ni ya nta ya parafini, zao la mafuta ghafi, ilhali nta ya nyuki ya mkoa huu imekuwa ikisafirishwa nje tangu enzi za ukoloni. Kuyeyusha nta na kuimimina kwenye mwanzi wenye utambi ni kazi ambayo vijana wa kwaya wanaweza kuimaliza mchana mmoja. Ningefurahi sana kuona mkesha wa Krismasi, kwa Wakatoliki na kwa Wamoravian, kanisa limewashwa mishumaa ya nta ya Tabora. Harufu yake peke yake ni zawadi.

Mengine mnayajua. Kuku wa kienyeji haji na karatasi inayometa. Beseni la maembe, wakati huu ambapo miembe yetu imeelemewa, halikatai kufunikwa kwa khanga ambayo nayo inabaki kuwa zawadi. Mche wa mparachichi ukitolewa Desemba hukuta mvua zinanyesha, anayepewa hahitaji kumwagilia mpaka mvua ziishe.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Maofisi yanayoagiza makapu ya mwisho wa mwaka yanunue asali kwa vikundi vya wafugaji nyuki, kwenye chupa za kioo, na kabla ya kulipa waulize mzinga ni wa magome au wa mbao. Wa mbao walipwe zaidi. Na Manispaa itenge sehemu pale Soko Kuu wiki mbili kabla ya sikukuu, mafundi walete mizinga, wauza miche walete miche. Ushuru wa wiki hizo mbili wasamehewe.

Msomaji wako,
Ipuli, Tabora