Makocha, kemeeni kosa, msimtukane mtoto

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa rohoni kwa wiki mbili sasa.

Nilikuwa kwenye uwanja wa kata yetu hapa Morogoro, mechi ya kirafiki ya watoto wa shule za msingi wanaojiandaa na UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Beki wa kushoto, mtoto ambaye sidhani kama ametimiza miaka kumi na miwili, alirudisha mpira kwa kipa wake, ukawa mfupi, mshambuliaji akauwahi na kufunga. Kosa la kawaida, hata Ligi Kuu tunaliona. Kocha wake alisogea hadi kwenye chaki akapaza sauti: "Wewe ni mzigo! Nani alikudanganya kwamba unajua mpira?" Watu wazima waliokuwa pembeni wakacheka.

Tangu hapo sikuangalia mechi tena, nilimwangalia yule mtoto tu. Kila mpira ulipomwelekea, macho yake yalikwenda kwanza kwa kocha, ndipo yakarudi kwenye mpira. Kwa hiyo akawa anachelewa. Akichelewa ananyang'anywa, akinyang'anywa anafokewa. Mwishowe akapata pa kujificha: alisogea nyuma ya winga wa timu pinzani, mahali ambapo hakuna mwenzake angeweza kumpa pasi, akabaki hapo. Sikumwona akigusa mpira tena. Kelele za kocha zikapungua, nadhani aliona mtoto amejirekebisha.

Nieleweke vizuri. Sisemi kocha akae kimya. Nimecheza netiboli miaka mingi na najua uwanjani sauti ndogo haimfikii mtu. "Mtu nyuma!" "Toa!" "Rudi kwa wako!" Hayo ni maelekezo, na hata yakitoka kwa ukali mchezaji anajua afanye nini. Akishafanya, yamekwisha. Sasa "wewe ni mzigo" mtoto aifanyie nini? Hana mguu wa kuusogeza wala nafasi ya kurudia. Anabaki nayo tu, anaondoka nayo uwanjani, analala nayo.

Nayasema haya kwa sababu nimepitia mikononi mwa makocha wa aina zote mbili. Nikiwa sekondari miaka ya tisini, mwalimu wetu wa kwanza wa michezo alikuwa mtu wa kiboko na maneno makali. Sitaitaja shule wala jina lake. Mwaka ule niliteguka kifundo cha mguu mazoezini, siku chache kabla ya mashindano ya wilaya. Sikusema. Nilikuwa nimemsikia akimwita mwenzetu mmoja mvivu mbele ya timu nzima kwa kulalamikia goti, nikaona heri maumivu kuliko jina hilo. Nilikaza kamba za kiatu, nikacheza mechi mbili. Jioni ya siku ya pili kiatu hakikuvulika, ilibidi dada mkuu akate kamba kwa wembe. Mpaka leo baridi ikiingia mguu huo unanikumbusha. Hasara ya woga ndiyo hiyo: kocha anayeogopwa haambiwi ukweli, na kocha asiyeambiwa ukweli anapanga timu kwa kubahatisha.

Mwaka uliofuata alikuja mwalimu mwingine. Kama kuna mtu anadhani heshima maana yake ni ulegevu, angekuja aone. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshafika uwanjani kabla yetu, amepanga chupa za maji zilizojazwa mchanga tupite katikati yake. Alikimbia pamoja nasi. Alikuwa na daftari la kaunta, kila mmoja ana ukurasa wake, ameandikiwa pasi zilizofika na zilizopotea. Sauti yake ilisikika mpaka bwenini, lakini ilichosema ni "Kiwiko!" au "Tua kwanza, ndipo utoe!" Kazi ilikuwa nzito kuliko ya yule wa kwanza, tena mara mbili. Ila tulikuwa tunaamka kabla ya kuamshwa.

Kila nikilisema hili, hakosi mtu wa kuniambia: mbona Ferguson alifoka na akachukua makombe? Kweli, alifoka. Aliifundisha Manchester United kuanzia 1986 hadi 2013 na akatwaa ubingwa wa ligi mara 13. Lakini tuichukue habari yake nzima. Februari 2003, baada ya kufungwa na Arsenal katika Kombe la FA, alipiga teke kiatu kikampata mchezaji wake David Beckham juu ya jicho, na majira ya joto ya mwaka huohuo Beckham alihamia Real Madrid. Sasa mtazame na mshambuliaji wake Eric Cantona, aliyemrukia shabiki teke Januari 1995 na kufungiwa miezi minane. Alipotaka kuondoka kabisa, Ferguson alisafiri hadi Paris kumsihi abaki. Na alipostaafu, mzee huyohuyo alisema hakuna maneno mazuri kwa mchezaji kama kuambiwa umefanya vizuri. Tena wale walikuwa watu wazima wenye mikataba na mishahara. Wetu ni watoto wa darasa la sita waliokuja na viatu vya kuazima.

Mfano wa karibu zaidi tunao hapo Kenya tu. Mwaka 1976 mtawa wa Ireland, Bruda Colm O'Connell, alifika shule ya St. Patrick's, Iten, kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukocha. Aliokota kazi hiyo kwa kuwatazama wanafunzi wanavyokimbia, na waliomwona uwanjani wanamweleza kuwa mtu wa sauti ya chini. Mikononi mwake alipita Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, na baadaye David Rudisha, aliyekimbia mita 800 London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Kisha kuna Patrick Sang, mshindi wa fedha wa kuruka viunzi na maji Barcelona mwaka 1992, aliyemlea mkimbiaji wa marathoni Eliud Kipchoge tangu akiwa kijana. Katika kambi yao ya Kaptagat wanakimbia zaidi ya kilomita 200 kwa wiki, na Kipchoge, pamoja na medali zake zote, amekuwa akishika zamu ya kuosha choo kama wengine. Nani atasema pale hakuna ukali? Upo, umewekwa kwenye ratiba na zamu, na mkubwa na mdogo wanaubeba pamoja.

Baada ya ile mechi nilimfuata yule kocha. Alinisikiliza kwa adabu, akaniambia, "Mama, na mimi nilifundishwa hivihivi." Hakuwa na kisirani. Nikajua pia kwamba halipwi chochote, na ile mipira miwili aliinunua kwa pesa yake. Mtu wa namna hiyo sitaki afukuzwe, nataka asaidiwe. Kozi za ukocha zinazotolewa na TFF, shirikisho letu la mpira wa miguu, zinafundisha mifumo na mazoezi. Naomba mkufunzi pia amfuate kocha uwanjani siku ya mechi na kusikiliza tu anachowaambia watoto, halafu wakae wayapitie maneno yale moja moja. Maofisa michezo wa wilaya wanaweza kufanya hivyo hata kesho, hakuhitaji bajeti. Na walimu wakuu wakumbuke kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtendea mtoto mambo ya kumdhalilisha. Sheria hiyo haiishii mlangoni mwa darasa, hata uwanjani ipo.

Wazazi wenzangu nao: tusicheke. Kicheko cha siku ile nakiona kilimuumiza yule mtoto kuliko hata maneno ya kocha, maana baadhi ya waliocheka wanamjua kwao.

Jumamosi hii wanacheza tena saa kumi jioni. Kocha ameniahidi beki wake wa kushoto ataanza. Nitasimama upande ule wa kushoto, karibu na kibendera cha kona, nione macho yake yanakwenda wapi mpira ukimjia.

Mchezaji wa zamani wa netiboli,
Kihonda, Morogoro